Tabaka la Mjane

Pale machimboni watu hawagawani ardhi kwa mapana. Hugawana kwa kwenda chini. Mzee akifa, warithi hawapimiwi hatua wala hawapandiwi miti ya mipaka. Husimamishwa mbele ya ukuta wa timbo, pale mwamba ulipokatwa ukaonyesha tumbo lake, na mkubwa wa ukoo hunyoosha fimbo: tabaka hili la huyu, lile la yule. Kila mtu na tabaka lake, na juu ya tabaka lake hana wa kumuuliza. Ndivyo walivyofanya babu zao, na jambo lililofanywa na babu halitafutiwi sababu.

Mumewe alipofariki, mjane alisimamishwa pale macho yakiwa bado mazito kwa kilio. Kando yake alisimama mwanawe wa pekee, kijana mrefu asiye na maneno mengi, viganja vimeshaota sugu za nyundo. Fimbo ilikuwa mkononi mwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, kwa kuwa ndiye aliyebaki mkubwa.

Ukuta wenyewe ulikuwa na matabaka matatu. Juu palikuwa na jiwe la chokaa jembamba, limelaliana kama nguo zilizokunjwa sandukuni, na limejaa nyufa zilizosogeleana kiasi kwamba mtu aliweza kulibomoa kwa mtaimbo bila kutoka jasho. Chini palikuwa na jiwe lile lile la chokaa, ila hilo lilikuwa nene kupita kimo cha mtu, limetulia, na kutoka ufa mmoja hadi wa pili ungeweza kuegesha lori. Katikati ya hayo mawili, kama godoro, ulilala udongo wa kijivu, laini, wa kunata. Haukufaa kujengea, na sokoni hakuna aliyeutazama mara mbili.

"La chini nitalishika mimi," alisema shemeji. "Si tamaa, jamani, msinielewe vibaya. Mawe makubwa yanataka mtu mzima, na kijana wetu bado anakomaa. La juu ni lake, avunje kokoto, ajifunze. Na shemeji yangu," fimbo ikagusa udongo, "hatuwezi kumwacha mikono mitupu. Hili la katikati ni lake."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Huyo alikuwa Redio, mvunja kokoto aliyepewa jina hilo kwa sababu toka asubuhi hadi jioni hakuna aliyejua pa kumzimia.

"Hongera, Mama Udongo," alimwambia mjane, watu walipoanza kutawanyika. "Wenzio wamepewa mawe, wewe umepewa matope. Lakini usijali, mama. Sote mwisho wetu ni kwenye mali yako."

"Basi siku ukija ubishe hodi," alijibu mjane.

Watu wakacheka, jina likashika. Tangu siku hiyo hakuitwa tena Mama Fulani wala Bi Fulani. Akawa Mama Udongo.

Hakuwa mwanamke wa kugombana. Alikuwa wa kutazama. Kila asubuhi, akishamaliza sala zake na kufagia uwanja, alishuka timboni na ndoo mbili na kigoda, akakaa mbele ya urithi wake. Urithi huo ulikuwa na neema moja tu, nayo ilikuwa maji. Mvua ikinyesha, maji yaliingia katika zile nyufa nyingi za jiwe la juu, yakashuka, yakashuka, yalipofika kwenye udongo yakakosa njia. Ndipo yalipotoka nje, tone kwa tone, kwenye mshono baina ya jiwe na udongo. Yeye aliyakinga, akawanywesha wavunja mawe. Hakumtoza mtu.

Mambo ya mawe aliyajua kwa kuyasikia. Marehemu alikuwa mtu wa kuongea na mwamba kuliko na watu, na jioni akishanawa miguu alimsimulia mkewe alichoambiwa na mwamba mchana. "Jiwe jembamba lina hasira za karibu," alikuwa akisema. "Ardhi ikilivuta kidogo, linapasuka hapa. Ikilivuta tena, linapasuka hapo pembeni. Nene linavumilia. Nyufa zake chache, kila ufa una ujirani wake. Lakini siku likipasuka, mke wangu, limepasuka, hakuna cha kushona."

Naye alimwelewa, kwa sababu aliyaona hayo kwa mikono yake mwenyewe. Alipokandika ukuta wa jiko kwa udongo mwembamba, ulikauka ukajaa nyufa ndogo ndogo kama magamba ya samaki. Alipokandika mnene, nyufa zilikuja chache, zimeachana kama watu walionuniana.

"Na udongo wa katikati?" aliwahi kumuuliza.

"Aa, huyo ndiye mama mwenye nyumba. Ufa unashuka toka juu mbio mbio kama mtu aliyebeba habari mbaya. Ukifika kwenye udongo, unaishia. Udongo haupasuki. Unajikunja, unameza. Anasikia ya wa juu, hawaambii wa chini. Na wa juu wote wamemlalia yeye."

Miaka ilikwenda. Kijana alikomaa, sasa hakuwa kijana tena, lakini tabaka la chini halikurudi. Hakulidai. Aliendelea na jiwe lake la juu kwa mtaimbo na nyundo, akilimenya taratibu na kulisogeza nyuma kwa utaratibu alioachiwa na baba yake: wa juu atangulie kurudi nyuma, udongo ufuate, wa chini awe wa mwisho, timbo likae kama ngazi. Mtu akivunja ngazi hiyo, amejichimbia.

Tatizo ni kwamba ngazi humlazimisha wa chini kumsubiri wa juu. Na baba mdogo hakuwa mtu wa kusubiri.

Mwaka ule waumini waliamua kujenga nyumba ya ibada mpya, kwa kuwa ya zamani ilikuwa ya mabati na mvua ikinyesha sala ilikuwa ni kupiga kelele tu. Mafundi walitaka nguzo nne za jiwe, kila nguzo jiwe moja zima lisilo na ufa. Katika machimbo yote, jiwe la namna hiyo lilikuwa mahali pamoja: chini ya udongo wa mjane. Shemeji akaichukua kazi, akapokea na malipo ya awali. Nguzo ya kwanza ikatoka. Ya pili. Ya tatu. Kwa ya nne akafika ukutani. Ngazi ilikuwa imekwisha. Ili aendelee ilibidi mpwa wake arudi nyuma kwanza, na mpwa wake alikuwa na mtaimbo mmoja.

"Kijana wangu, huwezi kuongeza mwendo?" alimpigia kelele toka chini.

"Mwendo ninao huu huu, baba mdogo."

"Nikuletee baruti?"

"Ukipiga baruti kwenye jiwe hili utapata unga. Limeshapasuka lenyewe toka lilipoumbwa."

"Basi na wewe ni kama jiwe lako. Kila neno unapasuka!"

Redio alisimamisha nyundo. "Wenzetu wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi huku tukiziba ufa tutakufa njaa. Mzee, subiri ufa ukulishe."

"Wewe vunja kokoto," shemeji alimjibu.

Ndipo alipopata wazo lake. Asingemsubiri wa juu. Angeuchimba ule udongo kwa mbele, auondoe kwa kwenda ndani kama mtu anayechokoa nyama kwenye mfupa, mpaka mgongo wa jiwe lake uonekane kiasi cha kukata nguzo moja. Jiwe la mpwa wake lingebaki limening'inia kwa juu, kwa siku chache tu. Kisha angeweka nguzo za miti.

Siku hizo alikuwa amefika pale mtaalamu wa miamba, binti aliyetumwa na ofisi kukagua machimbo. Alikuwa mnyenyekevu, viatu vyake vimejaa vumbi kama vya wengine, na alipewa maji ya ndoo akayanywa bila kuyatazama mara mbili. Aliushika udongo, akaufinyanga, akapapasa nyufa za juu, akapima kwa kidole zilivyokaribiana. Mjane alimuuliza, "Mwanangu, huu udongo unafanya kazi gani hapa?"

"Mama, wewe unajua. Nimesikia wanavyokuita." Akatabasamu. "Jiwe la juu ni jembamba na gumu, ndiyo maana limekatikakatika hivi. Limebaki vipande vipande vilivyosimama tu pamoja. Udongo ndio umevibeba. Nyufa hazikushuka chini kwa sababu zimeishia hapa. Ukiutoa mbele, vile vipande havina cha kushikana nacho. Vitaachia kwenye ufa wa nyuma, vianguke vyote kwa pamoja."

"Ndivyo alivyokuwa akisema baba wa mwanangu."

"Basi alijua kazi yake." Na binti yule akamwambia shemeji maneno hayo hayo, mbele ya watu, kwa adabu. Shemeji akaitikia kwa kichwa, akamsindikiza mpaka barabarani, akamshukuru sana.

Siku ya pili yake alipiga hodi nyumbani kwa mjane. Hakuja peke yake. Alikuja na mzee wa ibada, yule aliyekuwa akiongoza sala, mtu wa sauti ya upole aliyemzika marehemu kwa mikono yake. Mjane alipomwona alikimbia kutandika mkeka mzuri.

Shemeji alianza kwa mbali, akaulizia afya, akaulizia kuku. Kisha mzee wa ibada akasema, "Mama, tuna nguzo tatu. Nyumba ya Mungu haisimami kwa nguzo tatu. Tunaambiwa ya nne imelala chini ya mali yako."

"Udongo tu, mzee wangu."

"Udongo tu. Lakini ni wako, na bila ruhusa yako hauguswi. Tumekuja kukuomba kwa jina la Mwenyezi Mungu."

Mwanawe alikuwa amesimama mlangoni, bado ana vumbi nyusini. "Mama, usitoe."

"Wakubwa wanaongea, baba," alimwambia kwa upole.

"Wanaongea juu ya kichwa changu. Udongo ukitoka, mimi nimesimama juu ya nini?"

"Kwa siku chache tu, kijana wangu," alisema shemeji. "Tutaweka miti. Au huamini kwamba Mungu anaweza kulishika jiwe kwa siku chache, kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe?"

Kijana alicheka, cheko kavu. "Baba mdogo, Mungu ameshalishika. Kwa huo udongo."

"Sikia maneno hayo! Sikia, shemeji, mtoto anavyochezea jina la Mungu mbele ya mzee!"

Mjane aliinamisha kichwa. Maneno ya mwanawe aliyaona ya kweli. Na ya yule binti, na ya marehemu. Yote alikuwa nayo pale kifuani, yamepangika. Lakini na jambo jingine lilikuwa pale, dogo, la aibu, ambalo asingemwambia mtu. Miaka yote aliitwa Mama Udongo. Miaka yote watu walimcheka kwa kurithi matope. Na leo, kwa mara ya kwanza, mtu aliuomba udongo wake. Na si mtu tu, ilikuwa nyumba ya Mungu. Nani angemkatalia Mungu matope?

"Chukueni," alisema.

Mwanawe alimtazama muda mrefu, kama mtu anayegonga jiwe na kusikiliza linavyolia. Kisha akatoka nje bila kuaga.

Vibarua wa shemeji walichimba udongo kwa sululu na beleshi, wakaenda ndani mpaka mtu aliweza kuingia akiwa ameinama. Miti iliwekwa, kweli, lakini michache na miembamba. Jiwe la juu halikusema kitu. Redio aliacha kukaa chini yake, akahamishia kokoto zake mbali. Alipoulizwa, akasema, "Mimi naogopa kivuli kisicho na mti." Hakuna aliyecheka sana.

Maji nayo yalikatika. Mjane alishuka asubuhi na ndoo zake, akakuta mshono ule umekuwa mdomo mweusi, na matone sasa yalikuwa yakidondokea huko ndani, yakiulowesha mgongo wa jiwe la chini. Aligeuza ndoo moja akaikalia. Mwanawe alipita juu yake akielekea kazini. Alimwamkia, kwa sababu alikuwa mtoto aliyelelewa, akaendelea na njia yake.

Kisha mvua ikanyesha usiku kucha.

Asubuhi yake mjane hakushuka timboni. Alikwenda kufagia nyumba ya ibada, maana mafundi walikuwa wameacha vumbi na vipande vya mawe, na yeye alikuwa amejipa kazi hiyo. Alikuwa akifuta nguzo ya tatu kwa kitambaa kibichi, akistaajabia ilivyokuwa laini, hakuna hata unywele wa ufa, aliposikia mshindo. Haukuwa wa baruti. Baruti inapiga mara moja ikanyamaza. Huu ulianza polepole, kama watu wanaomwaga mawe toka kwenye lori, ukaendelea, ukaendelea.

Aliyoyasikia baadaye alisimuliwa na Redio, na siku hiyo Redio alisimulia kwa sauti ya chini. Mwanawe alikuwa amefika mapema, akaona nyufa zake zimefungua midomo, zile za nyuma, ambazo hakuwahi kuziona zikipanuka. Maji yalikuwa yamejaa ndani yake. Vibarua wa baba yake mdogo walikuwa tayari wako chini, kwenye pango, wakipigilia kabari kwenye jiwe la nguzo. Kijana alisimama ukingoni, mahali pekee ambapo wangemsikia, akapiga kelele watoke. Hawakumsikia mara ya kwanza. Akasogea mbele zaidi, akapiga tena. Wakatoka mbio, wote. Wa mwisho alipotoka, jiwe la juu likaja, kipande kwa kipande, kila kipande kwenye ufa wake wa zamani, likaja na aliyekuwa amesimama juu yake.

Hakufa. Mguu mmoja haukuwa wa kuokolewa, na nyonga haikurudi sawa. Madaktari walifanya waliyoyaweza. Aliporudishwa nyumbani alilazwa chumba cha mbele, kile alichokandika mama yake, na alilala ameuelekea ukuta.

Mwenyekiti wa machimbo aliitisha kikao. Walikaa kwenye vivuli vya malori, kwa kuwa timboni hakuna kivuli kingine. Yule binti mtaalamu aliitwa, akaeleza tena, safari hii bila tabasamu, jinsi jiwe jembamba linavyovunjika na kwa nini. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho.

"Tumekuelewa, mwanangu. Lakini hapa hatuhukumu jiwe. Tunamhukumu mwenye jiwe."

Shemeji akasimama. Alikuwa amevaa koti ingawa kulikuwa na joto. "Ndugu zangu, uchungu ninao. Yule ni damu yangu. Lakini tuseme ukweli kwa mila yetu. Jiwe lililoanguka ni la nani? Ni lake mwenyewe, nililomgawia mimi mbele yenu. Udongo uliotolewa ni wa nani? Ni wa mama yake. Nani alitoa ruhusa? Mama yake, mbele ya mzee wa ibada. Mimi nimegusa jiwe langu tu. Na jiwe langu nalo limeharibika! Lilikuwa halina ufa, sasa lile la juu limeliangukia limepasuka katikati. Nguzo ya nne imekufa. Nani atanilipa mimi?"

Watu walinyamaza. Si kwamba hawakuona. Waliona wote. Lakini kila mmoja pale alikuwa na tabaka lake, na juu yake mtu na chini yake mtu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema kwamba mwenye tabaka moja ana deni kwa tabaka la mwenzake.

"Mama Udongo," mwenyekiti aliuliza, "ni kweli ulitoa ruhusa?"

"Ni kweli."

"Hukulazimishwa?"

Alimtazama mzee wa ibada. Mzee wa ibada alikuwa akitazama viatu vyake. "Sikulazimishwa," alisema. "Niliombwa vizuri sana."

Kikao kikaisha. Shemeji hakukutwa na hatia, na mila ilibaki salama. Walichanga kidogo kwa ajili ya mgonjwa, wakaomba dua, wakatawanyika.

Haukupita muda shemeji alipiga hodi tena, na mzee wa ibada nyuma yake. Safari hii mjane hakutandika mkeka mzuri. Mlango wa chumba cha mbele ulikuwa wazi, na wote watatu waliona mgongo wa kijana na ukuta mbele yake.

"Shemeji," alianza, "yaliyopita si ndwele. Kile kifusi tumeshakiondoa, hakuna tena kinachoning'inia. Jiwe lililo zima liko ndani zaidi, na juu yake sasa pamebaki udongo wako tu. Hakuna hatari kwa mtu yeyote, hata ukimuuliza yule binti wa ofisini atakwambia. Ni kuufagia tu."

"Najua," alisema mjane. Na kweli alijua. Jiwe la juu lilikuwa limeshaanguka. Udongo haukuwa na mtu tena wa kumbeba.

"Basi unatupa?"

"Hapana."

"Shemeji!"

"Kila mtu na tabaka lake. Juu ya tabaka lake hana wa kumuuliza. Nimesikia mkisema hivyo kikaoni, na mimi nilikuwepo. La chini ni lako, shemeji, silitaki. Lichukue. Ila upitie mahali pengine, pasipo na udongo wangu."

"Hakuna pengine! Unajua hakuna!"

"Basi lilale."

Mzee wa ibada alisogea mbele. "Mama, samehe. Usiifunge nyumba ya Mungu kwa ajili ya hasira."

"Nimeshasamehe, mzee wangu. Nimewasamehe wote wawili, nimewaombea jana, na leo nitawaombea. Udongo sitoi."

Toka chumbani ilisikika sauti, kavu, bila mtu kugeuka. "Mpe, mama. Sasa haina maana."

Moyo wake ulikatika. Ilikuwa ni mara ya kwanza mwanawe kusema neno tangu arudishwe, na neno lenyewe lilikuwa hilo. Alitamani aseme, ni kwa ajili yako. Lakini alijitazama kwa ndani, kama alivyozoea kutazama kila kitu, na hakuwa na hakika. Pale awali alitoa kwa kiburi akakiita ibada. Labda sasa ananyima kwa chuki akiiita haki. Mungu peke yake ndiye ajuaye kilichoko kwenye matabaka ya mtu.

"Sitoi," alisema tena, na mkono wake ukafunga mlango.

Nyumba ya ibada ilifunguliwa hivyo hivyo. Nguzo tatu za jiwe na, kwenye pembe ya nne, gogo la mti lililopakwa chokaa lifanane na wenzake. Halikufanana. Lilipokauka lilifanya nyufa, na kila mtu aliyesujudu upande ule aliziona. Watu walianza kumsengenya. Mwanamke mcha Mungu gani huyu, walisema, anayemnyima Mungu matope? Shemeji alisimulia hadithi hiyo kuliko wote, na kwa huzuni ya kupendeza, na alipoulizwa kuhusu malipo ya nguzo ya nne, alinyoosha kidole kwenye kiti cha mjane.

Yeye hakukosa sala hata moja. Alikaa safu ya nyuma, upande wa gogo, mahali ambapo hakuna aliyegombea kukaa naye. Akishamaliza alirudi nyumbani, akamgeuza mwanawe, akamwosha, akamlisha. Kijana alikula. Siku moja, akiwa bado ameuelekea ukuta, aliuliza:

"Wamepata nguzo?"

"Hawajapata."

Kidole chake kilikuwa kikifuata ufa mmoja mwembamba kwenye ukuta aliokandika mama yake, kutoka ulipoanzia hadi ulipokutana na mwingine.

"Hapa ulikandika nyembamba," alisema.

"Udongo haukutosha, baba."

Mjane alichukua ndoo zake akashuka timboni. Maji yalikuwa yameanza kutoka tena, kidogo, mahali papya, juu ya udongo uliobaki, ambapo hakukuwa na jiwe tena la kuyaleta ila anga lenyewe. Aliyakinga. Redio alimwona toka mbali, akafungua mdomo, akaufunga. Shemeji alipita juu na toroli tupu, akasimama.

"Umeamkaje, shemeji?"

"Nimeamka juu ya udongo wangu," alisema mjane, na akasogeza ndoo ili tone lisidondoke nje.